Matawi ya Lois Nzilani

Madereva wa malori wana majina mengi ya kumwita Lois Nzilani, na mengi hayaandikiki. Lenye heshima kidogo ni "yule mama wa matawi". Mimi naziba pancha hatua chache tu kutoka pale anapotandika matawi hayo, kwa hiyo majina yote nimeyasikia, na mengine nimeyajibu kwa lugha yao. Wao wana madirisha ya juu na honi za kupasua masikio. Yeye ana baiskeli. Nimeona na mimi nimsemee kidogo.

Mahali petu panaitwa Kwa Kituku. Usijisumbue kutafuta kibao, maana hakuna. Ukitoka Maungu kuelekea Miasenyi utaona duka la mzee Kituku na mwarobaini wake mkubwa, vibanda vya matikiti na kunde, banda langu lenye matairi yanayoning'inia, halafu watu wamesimama kando ya lami, wanatazama kulia, wanatazama kushoto, wanatazama kulia tena. Ukipita kwa gari utadhani wamesahau walikokuwa wakienda. Hawajasahau. Wanangoja kuvuka. Nyumba na mashamba yako upande mmoja. Kioski cha maji, shule ya nasari na kanisa viko upande wa pili. Aliyepanga mambo hivi hakuwa na mtoto wa kumtuma maji.

Lois alizaliwa hapa hapa, baada ya wazazi wake kushuka kutoka Ukambani kutafuta shamba. Sisi Wadawida wa milimani baiskeli hatuijui sana. Kwetu Bura ukitoka nayo nyumbani, nusu ya safari wewe ndiye unayeibeba. Lakini kwa hawa Wakamba wa huku tambarare baiskeli ni mtu wa familia, ina mahali pake pa kulala na ikiugua nyumba nzima inanuna. Babake Lois alikuwa na moja nyeusi, nzito, ya breki za chuma, na hakuwa na mtoto wa kiume. Akampa Lois. Watu wakasema msichana ataumia, ataharibika, hataolewa. Lois akapitisha mguu chini ya kile chuma cha katikati, maana juu hakufika, akawa anapinda mwili kama mtu anayechungulia shimoni, na akaendesha hivyo hivyo mpaka wasemaji wakachoka.

Aliolewa, tena kwa sababu ya baiskeli hiyo hiyo. Mumewe, Maundu, alikuwa mchuuzi wa maji. Alipenda kusimulia pale kwangu, akingoja tairi lake, jinsi siku moja alivyopitwa kwenye mwinuko na msichana aliyebeba mitungi mingi kuliko yake. "Niliona aibu sana, Fundi," alikuwa akisema. "Nikaona dawa ni kumwoa, nisipitwe na mtu baki." Lois akisikia alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Walipata binti mmoja, Wanza. Maundu akauza maji, Lois akapata kazi ya kupika uji pale nasari, na kila asubuhi ungewaona wakivuka lami pamoja, yeye na kuni kwenye keria, mumewe na mitungi mitupu iliyofungwa kwa blada, zile kamba za mpira wa tyubu, ikigongana nyuma yake.

Maundu aliuawa akiwa anasukuma baiskeli. Naandika hivyo makusudi, kwa sababu baadaye kuna waliosema alikuwa akiendesha ovyo. Hakuwa akiendesha hata kidogo. Alikuwa anatembea, mitungi imejaa, amejibana ukingoni mwa lami kwa kuwa barabara yetu haina hata upana wa kiganja uliotengewa mtu wa miguu au wa baiskeli. Lori likaamua kupita lori jingine. Dereva hakusimama.

Vijana wa bodaboda walifanya lile ambalo Mkenya yeyote hulifanya gari likikwama barabarani. Walikimbilia mwarobaini wa Kituku, wakavunja matawi, wakayatandika kwenye lami, pande zote mbili, mbali kidogo na pale alipolala, ili wanaokuja wasimpitie juu. Lois alikuja mbio na mwiko mkononi. Akaketi chini kwenye lami ya moto, akakipakata kichwa cha mumewe, na tukakaa pale tukingoja polisi waje kumwondoa marehemu. Tulingoja sana.

Na wakati tunangoja, malori yalikuwa yakipita. Hayo hayo. Yale ambayo hayajawahi kupunguza mwendo kwa ajili ya mtoto wala mgonjwa wala msafara wa harusi. Kile kibao chenye picha ya watoto wanaovuka kiligongwa na lori zamani, na hakuna aliyekisimamisha tena. Lakini yalipoyaona matawi, yalikuja polepole kama ng'ombe wanaoingia zizini. Trela moja baada ya jingine, breki zikihema, madereva wakichungulia kwa adabu. Lois aliinua macho, akayatazama kwa muda mrefu. Halafu akanigeukia, na uso wake sikuupenda.

"Fundi," akasema, "kumbe breki wanazo."

Baada ya mazishi watu walifunga barabara, wakafukuzwa kwa moshi wa kutoa machozi, wakarudi, wakafukuzwa tena. Mheshimiwa akaja na gari refu, akaahidi matuta. Wakaja wanaume wawili wenye fulana za kung'aa, wakapima, wakapaka mistari myeupe pale matuta yatakapowekwa. Tukapiga makofi. Mistari ikakanyagwa na magurudumu mpaka ikafutika, na matuta hatujayaona mpaka leo. Nikikumbuka yale makofi tuliyopiga napandwa na hasira upya.

Lois hakungoja mistari ifutike. Matanga yalipokwisha tu, asubuhi kabla ya watoto kufika barabarani, tulimwona akiburuta matawi ya mwarobaini. Akatandika upande wa kwenda Mombasa, akatandika upande wa kwenda Voi. Malori yakapunguza. Watoto wakavuka. Yeye akayakusanya matawi yake, akayaegesha kwenye banda langu bila kuniomba ruhusa, akaenda kupika uji. Saa sita, watoto wakitoka, akafanya hivyo tena. Wengine walidhani ni uchungu, utamwisha. Mimi nilimtania kwamba angetumia miiba ya mgunga, nami nipate pancha za kuziba. Hakucheka. Aliniambia nishike upande mmoja wa tawi tuvute.

Watoto aliwafunza mwenyewe, wakiwa na vikombe vya uji mikononi. Mwalimu wao, Shanice, alikuwa anamwachia nafasi kabla ya kuimba.

"Matawi yakilala?"

"Tunavuka!"

"Yasipolala?"

"Tunakaa!"

Waliipenda kuliko nyimbo zote za darasani. Ukipita nasari yetu ungedhani ni shule ya wakata miti.

Madereva nao walikuwa wanashuka kuuliza. Siku moja tanboi, utingo wa trela, alikuja kwa miguu, ameshika jeki begani, jasho linamtoka, mtu mwema kabisa. "Mama, gari imekwama wapi? Tuko na jeki kubwa."

"Hakuna gari. Pitieni polepole, watoto wanavuka."

"Sasa mama, hii si ni uongo?"

"Uongo ni ule wa matuta," Lois akamwambia. "Haya ni matawi. Rudisha jeki yako, na Mungu akubariki kwa kutaka kusaidia."

Alienda pia kwenye baraza ya chifu. Alitaka matuta, na njia ya pembeni ya watu wa baiskeli na wa miguu, basi. Chifu, ambaye ni Mdawida mwenzangu na si mtu mbaya ila anaogopa kila mwenye gari la serikali, akaeleza kwamba hii ni barabara ya kitaifa, mambo yake yanaamuliwa juu. Lois akasimama. "Maundu hakuzikwa kitaifa, Chifu. Alizikwa hapa, na wewe ulikula wali." Baraza zima likainamisha vichwa, wengine kwa aibu, wengine kuficha kicheko. Chifu akafungua ajenda iliyofuata, ya mbuzi.

Mwisho wenye malori wakalalamika, kwamba mama mmoja anachelewesha mizigo. Mizigo! Asubuhi moja gari la polisi likaja, ile Landikruza kuukuu ambayo kuwaka kwake ni kwa kubembelezwa, akashuka Sajini Crispus. Ni mteja wangu, baiskeli ya mwanawe naitengeneza mimi. Alimkuta Lois katikati ya barabara na watoto wanavuka.

"Mama, unazuia barabara kuu. Hii ni makosa."

"Ngoja wamalize."

Alingoja, nikubali hilo. Watoto walipomaliza, askari kijana aliyekuja naye akamfungulia Lois mlango wa nyuma. "Mathe, panda tu tuishie, usitufanye tukuwe wabaya." Lois akapanda na aproni yake. Sajini akageuka akatutazama sote tuliosimama pale, akasema atakayetandika matawi tena atamfuata.

Tulikwenda kituoni, mimi, mwalimu Shanice na Wanza. Chifu alikuwa amefika kabla yetu. Mambo yalikuwa mepesi sana, walivyoyaona wao. Lois alitakiwa kusema tu mbele ya Sajini na chifu kwamba hatatandika tena, kisha aende nyumbani kwake. Akikataa, kesho yake ni Voi, kwa hakimu.

"Mama Wanza, sema neno moja tu twende," chifu akambembeleza. "Ulimi hauna mfupa, sema."

"Nikisema nitakuwa nimedanganya. Kesho asubuhi nitatandika, na utanishika kwa makosa mawili."

Wanza akaanza kulia. Ni msichana mgumu kama mamake, sikuwahi kumwona akilia hata makaburini. Akamshika mamake mkono kupitia vyuma. "Mama, tafadhali. Baba nimeshamzika. Wewe ukifungwa nitabaki na nani? Sema tu."

Nilidhani hapo atalegea. Mimi ningelegea, sioni haya kusema. Lois alimfuta binti yake machozi kwa pindo la aproni ile ile yenye uji.

"Kwa sababu ulimzika ndiyo maana sisemi," akasema. "Nenda nyumbani ukawape kuku maji."

Akalala ndani.

Kesho yake hakuna aliyetandika matawi Kwa Kituku. Tuliwavusha watoto kwa kuwashika mikono, wawili wawili, tukingoja pengo kati ya malori, na pengo lilikuwa haliji, na likija ni la kukimbia. Mwalimu Shanice alifika upande wa pili, akaketi kwenye jiwe kabla ya kuingia darasani. Mimi nilitukana matairi yote yaliyopita siku hiyo, ya kwenda na ya kurudi.

Kituo kiko upande wa Mombasa, kwa hiyo kwenda Voi lazima upite kwetu. Hawakutoka mapema. Gari lilikataa kuwaka, baadaye likawaka, na karibu na saa sita tukaliona linakuja, likikohoa, likatupita, likapiga mshindo mmoja, likazima. Lilizima mbele kidogo ya nasari, upande wa kushoto, na nusu ya mwili wake bado iko kwenye lami.

Lois alikuwa nyuma, ameketi kwenye benchi nyuma ya wavu. Alinipungia mkono. Sajini Crispus akaruka chini, akatazama nyuma, akaona malori yanavyokuja kutoka Mombasa, akampigia kelele yule askari kijana: "Matawi! Leta matawi haraka, tutagongwa!"

Na kijana akakimbia kwenye mwarobaini wa Kituku. Wallahi nilishika nguzo ya banda nisianguke. Mama wa kunde alijifunika uso kwa leso yake. Askari wa serikali, na kofia kichwani, anavunja matawi, anayaburuta, anayatandika nyuma ya gari la serikali, na malori yakaanza kupunguza moja baada ya jingine, kwa adabu zao zile zile. Lois hakucheka. Alikuwa ameweka vidole kwenye wavu, anatazama.

Ndipo saa ya watoto wa nasari kutoka ikafika.

Watoto walitoka na mikoba yao mgongoni, mwalimu Shanice akiwa bado anafunga mlango wa darasa. Walifika ukingoni. Wakasimama, kama walivyofunzwa. Wakatazama chini, wakaona matawi yamelala. Wakaanza kuvuka.

Yule kijana alikuwa ametandika nyuma ya gari lake tu. Upande ule mwingine, wa magari yanayoshuka kutoka Maungu, hakuweka hata jani. Kwa nini aweke? Gari lake halikuwa upande ule. Na trela lilikuwa linashuka.

Nilisikia wavu ukipigwa. Lois alikuwa anaupiga kwa mikono yote miwili, anapaza sauti ambayo sijapata kuisikia tena. "Upande wa pili! Crispus! Weka upande wa pili!" Sajini aligeuka kwa hasira, nadhani alifikiri anataka kutoroka. "Watoto, Crispus! Watoto!"

Aliona. Lazima niseme ukweli wa mtu hata kama amenikera: aliona, na hakusita. Alinyakua rundo la matawi kutoka mikononi mwa yule kijana, akapita mbele ya watoto, akasimama katikati ya ule upande wa pili, mtu mzima mwenye kitambi, akiyapunga matawi juu ya kichwa chake na kupiga mayowe. Trela likalia. Moshi wa magurudumu ukapanda, harufu ya mpira ikatufikia bandani. Likasota, likasota, likasimama karibu naye kiasi kwamba angenyoosha mkono angeigusa taa yake.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Wewe mzee una wazimu?" Akaona sare, akameza maneno mengine.

Watoto wakapita. Hawakukimbia hata, matawi yalikuwapo, wasiwasi wa nini? Walipita mbele ya Sajini Crispus kwa mstari wao uliopinda, na kwa kuwa wamezoea kumshukuru mtandika matawi kwa jina moja tu, wakamwimbia wote kwa pamoja, "Asante Mama Wanza!"

Sajini alibaki amesimama na matawi yake. Mwalimu Shanice alikuja mbio analia, akawafuata watoto. Mimi nikaketi juu ya tairi. Baadaye kidogo Sajini akarudi kwenye Landikruza yake, akafungua mlango wa nyuma, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mama, shuka. Enda nyumbani. Hii maneno imeisha."

Lois akashuka. Alitembea hadi barabarani, akayaokota matawi yote, ya upande huu na ya upande ule, akayaondoa lamini, akampungia dereva wa trela mkono kumwambia aende. Dereva hakwenda, alikuwa amelisogeza pembeni, ameketi kwenye ngazi, anakunywa maji. Wanza alikuwa amefika mbio kutoka nyumbani, akamkumbatia mamake, wakakaa hivyo kwa muda. Tulidhani basi, tutamsindikiza, tule chakula.

Lois akamwachia binti yake, akarudi kwenye gari la polisi, akapanda nyuma, akaketi kwenye benchi lile lile.

"Mama, nimesema nimekuachilia," Sajini akasema. "Sina kesi na wewe."

"Wewe huna. Mimi ninayo." Alikuwa ananyoosha aproni yake kwenye magoti. "Ulinishika mbele ya watu, ukasema nitaenda kwa hakimu. Basi nipeleke kwa hakimu. Nataka anisikie habari ya matuta, na njia ya baiskeli, na Maundu. Na nataka aulize ni nani alitandika matawi leo, na kwa nini, na wewe ujibu."

"Mama Wanza, mimi nitasema nini huko?"

"Utasema ulichoona."

Sajini alitutazama, kana kwamba tungemsaidia. Nani amsaidie? Alivua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena. Halafu akanyoosha mkono kwenye mlango, akasita.

"Gari imezima," akasema kwa sauti ya chini.

Basi tukasukuma. Mimi, Wanza, mama wa kunde, yule askari kijana, hata dereva wa trela aliyeacha maji yake akaja kuweka bega. Tulisukuma gari la polisi Kwa Kituku, mshtakiwa akiwa ndani anatuhimiza kwa Kikamba, mpaka likakohoa, likawaka.

"Funga mlango, afande," Lois akasema. "Tumechelewa."